Nani Ameandika Akili Zetu: Kutoka Olenguruone hadi Nakuru

Mwaka 1934 jarida moja la sayansi ya mwili nchini Uingereza lilichapisha makala ya F. W. Vint, daktari wa maabara ya serikali mjini Nairobi. Vint alikuwa amekusanya bongo za Waafrika waliokwisha kufa, akazipima uzito, akakata vipande vyembamba vya ganda la nje na kuvichunguza kwa hadubini. Akahitimisha kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya una upungufu ukilinganishwa na wa Mzungu. Kabla yake, daktari mwenzake H. L. Gordon alikuwa ameingia shule ya kurekebisha watoto wakosaji ya Kabete, akawapima wavulana waliofungiwa humo, akatoka na hukumu kwamba wengi wao walizaliwa na akili pungufu. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wa mawazo hayo walikuwa wameunda chama cha kuchunguza jinsi ya kuboresha mbari za binadamu nchini Kenya. Maandishi yao yalisomwa London na kujadiliwa na watawala. Wavulana wa Kabete walihesabiwa tu ndani yake; hakuna aliyewauliza wanaonaje dunia.

Historia ya akili zilizo tofauti katika nchi yetu lazima ianzie kwenye karatasi kama hizo, kwa sababu kwa muda mrefu sana aliyeshika kalamu alikuwa mtu mwingine. Leo tuna maneno ya heshima zaidi. Tunazungumza juu ya usonji, juu ya watoto ambao herufi zinawachezea machoni, juu ya wale ambao hawawezi kutulia kitini, na watu wengi wamekubali kwamba bongo za binadamu zimeumbwa kwa namna nyingi, na kwamba namna hizo zote ni za watu kamili. Kukubali huko kumetokana kwa sehemu kubwa na watu wenyewe kuandika. Na ukitaka kuona kalamu ikihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, Bonde la Ufa la kati, kuanzia msitu wa Mau hadi Nakuru mjini, ni mahali pazuri pa kusimama.

Olenguruone iko ng'ambo ya Molo, mahali pa baridi na ukungu ukingoni mwa msitu wa Mau. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilizihamishia huko familia za Wagikuyu zilizokuwa zimeondolewa katika ardhi ya Wamaasai. Wenyewe waliamini kwamba wanalipwa kwa mashamba waliyonyang'anywa, na kwamba ardhi hiyo ni yao kama ilivyokuwa ya baba zao. Serikali iliwaona kama wapangaji. Ikawapa masharti ya nini kipandwe, matuta yachimbwe vipi, nani arithi. Walipokataa, waliapishana. Kiapo hicho kilikuwa na jambo jipya: hakikuwa cha wazee peke yao, kiliwashika wanaume, wanawake na hata watoto, ili jamii nzima isimame pamoja. Nyumba zilichomwa, mazao yakaharibiwa, mifugo ikachukuliwa. Kufikia 1950 familia za mwisho zilikuwa zimesafirishwa hadi Yatta, nchi kavu ya Ukambani, lakini kiapo kilikuwa kimekwisha kusambaa miongoni mwa maskwota wa mashamba ya walowezi kote Bonde la Ufa. Wanahistoria wengi wanakiona kuwa mojawapo ya mizizi ya vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Serikali, badala ya kusoma upya madai ya Olenguruone, ilimwita daktari wa akili. J. C. Carothers alikuwa ameisimamia Hospitali ya Mathari ya Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950. Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 kama nyumba ya wendawazimu, na Carothers alipokabidhiwa hakuwa na mafunzo ya udaktari wa akili; alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Hata hivyo, mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika hutumia kwa uchache sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba anafanana mno na Mzungu ambaye sehemu hiyo imekatwa kwa upasuaji. Mwaka uliofuata alitoa ripoti juu ya saikolojia ya Mau Mau. Wagikuyu, alieleza, wamepoteza nguzo za mila na hawajazipata za kisasa, kwa hiyo wamejaa wasiwasi na wanadanganyika. Ardhi, iliyokuwa kisa chenyewe, ilipata nafasi ndogo. Akapendekeza watu wakusanywe vijijini, na katika miaka hiyo karibu watu milioni 1 wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miiba. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimjibu Carothers kwa jina katika kitabu chake cha 1961.

Msomaji atauliza hayo yanamhusu vipi mtoto wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, anayeziba masikio kengele ya shule ikilia. Yanamhusu kwa sababu ya njia iliyotumika. Unamtazama mtu kutoka nje, unaorodhesha anachokosa, unampa jina, kisha unampangia maisha. Mkoloni alikwenda, njia hiyo ikabaki katika madarasa na katika vyumba vya daktari, na mara nyingi waliotuumiza kwayo ni watu waliotutakia mema.

Katika miaka hiyo hiyo, mbali na Kenya, jambo tofauti lilikuwa limetokea. Mwaka 1938 mwanasheria wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Beamon Triplett, aliketi akaandika barua ya kurasa 33 kumweleza daktari jinsi mwanawe Donald alivyo: alichopenda, alichoogopa, nyimbo alizoziimba, hesabu alizozikariri, jinsi alivyofurahi akiwa peke yake. Barua ilimfikia Leo Kanner wa Baltimore. Mwaka 1943 Kanner alichapisha maelezo ya watoto 11, Donald akiwa wa kwanza, na hapo ndipo usonji ulipoingia rasmi katika vitabu vya tiba kwa maana tunayoijua. Wengi humsifu Kanner na kumsahau baba. Mimi naona barua ile ndiyo iliyoanzisha kila kitu, kwa sababu iliandikwa na mtu aliyeishi na mtoto, akamtazama siku baada ya siku, akakubali kuandika hata mambo asiyoyaelewa.

Kenya ilipata uhuru 1963 ikiwa na haraka ya kujenga taifa. Shule zilikuwa chache, wanafunzi wengi, na mtihani ndio uliokuwa mlango mwembamba wa kupitia. Mtoto alijulikana kwa namba yake darasani. Aliyeshika mkia aliitwa kichwa ngumu, aliyezubaa dirishani alichapwa ili arudi duniani, na adhabu ya viboko haikupigwa marufuku mashuleni hadi 2001. Chama cha kuwatetea wenye ulemavu wa akili kiliundwa 1971. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya ziara zake katika miji ya nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, akiwatafuta watoto wenye usonji katika taasisi za walemavu. Aliwapata, ingawa wachache. Kwa hiyo walikuwepo. Wale ambao hawakuwa katika taasisi yoyote walikuwa majumbani, au shuleni wakiitwa wajinga, au shuleni wakifaulu vizuri huku hakuna aliyejua wanavyohangaika ndani.

Mwaka ule wa 1971 chama kile kilipoundwa, tarehe 18 Januari, alizaliwa Nakuru mvulana aliyeitwa Kenneth Binyavanga Wainaina. Nakuru ilikuwa mji wa reli na mashamba, mji wa pareto. Kenya iliongoza duniani kwa maua hayo meupe yanayotengenezewa dawa ya wadudu, na makao makuu ya Bodi ya Pareto yalikuwa hapo. Baba yake, Job Wainaina, ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake. Mama yake, Rosemary Kankindi, alitoka Kisoro kusini magharibi mwa Uganda na aliendesha saluni mjini. Nyumbani kulikuwa na Kiingereza na Kiswahili, Kigikuyu cha ukoo wa baba, na Kinyarwanda cha ukoo wa mama ambacho watoto hawakukijua vizuri. Nje kulikuwa na lugha za Nakuru yote, maana Nakuru ni mji wa watu waliotoka kwingine: Wakalenjin, Wagikuyu, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wahindi, Wasomali.

Binyavanga alikuja kuandika utoto huo katika kitabu kilichotoka 2011, One Day I Will Write About This Place. Wengi wamekisoma kama kitabu cha siasa za enzi ya Moi, au cha Afrika ya tabaka la kati, na mambo hayo yamo. Mimi nakisoma zaidi kama maelezo ya ndani ya akili moja isiyopita njia ya wengine. Kinaanza na mtoto wa miaka saba akicheza mpira bustanini Nakuru na kaka yake Jimmy na dada yake Ciru. Wenzake wako mchezoni, miili yao inajua la kufanya. Yeye amenaswa na mwanga wa jua unaovunjikavunjika, na neno lililomwingia kichwani na kukataa kutoka, na mpira unampita. Ciru ni mdogo kwake, lakini anaelewa upesi mambo ambayo kwake ni lazima yavunjwe na kuungwa upya. Mtoto anaona kwamba watu wengine wamepewa kanuni za maisha ambazo yeye hakupewa, na anaanza kuigiza.

Sauti zinamchosha na kumvuta kwa pamoja. Kuna sauti fulani, za magita ya Kongo, za wanawake wakipiga vigelegele, za lugha asizozielewa, ambazo hawezi kuzipanga popote akilini, basi anazitungia jina lake mwenyewe, kimay, na kuziweka zote humo. Katika kitabu chote anarudi kwenye kimay akiwa mtu mzima, kama mtu anayerudia hesabu iliyomshinda tangu utotoni. Na kuna vitabu. Anasoma riwaya kwa namna ambayo leo mwalimu wa elimu maalumu angeinua kichwa: bila kikomo, akijificha, akizikimbilia kila mara dunia inapomdai awe mwepesi. Riwaya zina mpangilio. Mtu katika riwaya anasema kitu, mwandishi anakueleza kwa nini amekisema, na mtoto anayehangaika kuzisoma nyuso za watu anapata pa kupumzikia.

Sitamtundika Binyavanga jina la kitabibu. Kitabu chake hakiendi kwa daktari kuomba jina, na mtu aliyejieleza kwa kurasa nyingi namna ile hahitaji mimi nimfupishe kwa neno moja. Ninachosema ni kwamba alifanya kazi ambayo Vint hakuweza kuifanya kwa hadubini wala Carothers kwa ripoti zake. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alikuwa amelala juu yake, akaandika kunguni mmoja mmoja. Hata sarufi yake inabeba ushahidi. Anaandika utoto kwa wakati uliopo, sentensi zinakatika, rangi zinatangulia maana, jambo dogo linapanuka hadi linafunika jambo kubwa. Ukiwa na mtoto nyumbani anayesimama dakika nyingi akitazama maji ya bomba, kurasa za kwanza za kitabu hicho zitakueleza mengi.

Baada ya Nakuru alisoma shule za sekondari za Mang'u na Lenana, na mwaka 1991 akaenda Afrika Kusini kusomea biashara katika Chuo Kikuu cha Transkei. Masomo yalimshinda. Alijifungia chumbani, akasoma riwaya, akaacha kwenda darasani, akakwepa watu na barua za nyumbani. Sehemu hiyo ya kitabu ni ngumu kusoma. Hakuna msiba mmoja wa kuulaumu, hakuna adui; ni mtu tu ambaye uwezo wa kuamka na kufanya yanayotakiwa umemkauka, naye anajua wazazi wake wanalipa. Familia nyingi za Bonde la Ufa zina kijana kama huyo. Huitwa mvivu, au aliyerogwa, au aliyeharibiwa na mji. Binyavanga anaonyesha kilichokuwa kikiendelea nyuma ya mlango uliofungwa, na anaonyesha pia kwamba humo humo ndimo alimokuwa akijifunza kazi yake.

Mwaka 1995 alirudi nyumbani, na jamaa wote wakakusanyika Kisoro kwa sherehe ya kumbukumbu ya ndoa ya babu na bibi wa upande wa mama. Safari hiyo aliiandika, na maandishi hayo, Discovering Home, yakampa Tuzo ya Caine ya uandishi wa Afrika mwaka 2002. Mama yake alikuwa amefariki 2000, hakuiona. Kwa nguvu ya tuzo hiyo yeye na wenzake walianzisha jarida la Kwani? Nairobi, toleo la kwanza likatoka 2003. Humo waliandika watu ambao walimu wa fasihi walikuwa wamewaambia kwamba hawajui kuandika, na Sheng ikachapishwa kando ya Kiingereza.

Mwaka huo wa 2003 una mengi. Januari serikali mpya ya Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi, na miongoni mwa watoto waliomiminika madarasani kwa mara ya kwanza walikuwa wale ambao familia zilikuwa zimewabakiza nyumbani. Wazazi waliunda Chama cha Usonji cha Kenya. Mwisho wa mwaka sheria ya watu wenye ulemavu ilitiwa saini. Vuguvugu la wazazi na vuguvugu la waandishi hayakujuana sana, lakini yote mawili yalidai kitu kimoja, kwamba mtu asielezwe tena na wageni wa maisha yake. Wazazi walipata mengi: madarasa maalumu, vituo vya kupima watoto, ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inayokataza kumwita mlemavu kwa jina la kumdhalilisha. Wenye akili zilizo tofauti wenyewe walibaki nyuma kidogo katika mazungumzo.

Kwingineko walikuwa wameanza kujiandika mapema. Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani, alichapisha maisha yake ya usonji mwaka 1986, wakati ambapo madaktari wengi hawakuamini kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kujieleza. Mwaka 1993 Jim Sinclair aliwaandikia wazazi akiwasihi waache kuomboleza watoto walio hai. Mwaka 1998 Judy Singer wa Australia aliwasilisha tasnifu iliyotetea wazo la tofauti za ubongo kama tunavyotetea aina za mimea na wanyama. Kila mmoja wao alianzia kwenye maisha yake. Elimu ya madaktari ilifuata nyuma, na mara kadhaa ilibidi ibadilike kwa sababu ya walichoandika.

Januari 2014, karibu na siku yake ya kuzaliwa, Binyavanga alichapisha sura aliyosema haikuingia katika kitabu, akimwambia mama yake marehemu kwamba yeye ni shoga. Siku hizo hizo alirekodi video ambamo anazungumza peke yake, moja kwa moja, juu ya uhuru wa kuwaza. Aliilaumu shule ya Kikenya kwa kumfundisha mtoto kutii kabla ya kufikiri. Vyombo vya habari vilishika habari ya ushoga na kuiacha ile ya shule. Nasikitika kwa hilo, maana habari hizo mbili zilikuwa hoja moja. Mtoto aliyefundishwa tangu darasa la kwanza kuficha jinsi anavyosikia na kuona atakuwa hodari wa kuficha kila kitu kingine.

Mwaka 2015 kiharusi kilimpata, kikaathiri uwezo wake wa kusema. Mtu aliyeishi kwa maneno ilimbidi ajifunze upya kuyatamka, na alitibiwa hadi India. Aliendelea kuandika na kuzungumza hadharani kwa sauti iliyobadilika, na hakuomba radhi kwa kusema polepole. Alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019, akiwa na miaka 48.

Binyavanga aliandika kwa Kiingereza, na hilo linaacha pengo ambalo sisi wa Kiswahili tunapaswa kulijaza. Mama wa Molo au Gilgil anayeambiwa mwanawe ana usonji hupewa karatasi yenye lugha ya daktari. Anachohitaji pamoja na karatasi hiyo ni masimulizi kwa lugha anayoombea dua: mtu mzima akimweleza kwa nini kola ya sare ilimuuma kama miiba, kwa nini alikimbia sherehe ya harusi, ni nini kilichomtuliza. Na pale mtoto asiposema, mzazi mwenyewe aandike, kila siku mistari michache, anachokiona bila kukihukumu.

Shule ina nafasi yake. Mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023, na pamoja nao ukaondoka ule utaratibu wa insha ya alama 40 ambayo watoto waliikariri: methali mwanzoni, tamathali tatu katikati, mwisho wa furaha. Mtoto wa aina ya Binyavanga angejua kuigiza insha hiyo na asiseme lolote la kwake. Sasa mwalimu wa gredi ya sita pale Bahati, Rongai au Njoro ana uhuru ambao mwenzake wa miaka 10 iliyopita hakuwa nao. Anaweza kuwapa watoto nusu saa, karatasi isiyo na alama, na mada moja: darasa hili linasikikaje ukiwa wewe.